Mto Lumi Kwenye Picha na Kwenye Mkataba

Katikati ya mwaka 1884, msafara wa wapagazi ulitoka kwenye nyika kavu ya upande wa Bura ukaingia Taveta. Kiongozi wake alikuwa Harry Hamilton Johnston, Mwingereza mfupi wa kimo aliyetimiza miaka 26 mwezi Juni mwaka huo. Wanasayansi wa London walikuwa wamemtuma akusanye mimea, ndege na wadudu wa Mlima Kilimanjaro. Lakini kabla hajawa mkusanyaji wa mimea, na miaka mingi kabla hajawa mtawala, Johnston alikuwa mchoraji. Alisomea kazi hiyo katika shule ya Royal Academy, na tangu ujana wake alikuwa akienda kuchora wanyama katika bustani ya wanyama ya Regent's Park. Taveta alikuta kile ambacho wachoraji wa mandhari wa karne ya 19 walikitafuta popote walipokwenda: mto wa maji maangavu, miti mirefu iliyoinamia maji huku na huku, na juu ya vilele vya miti hiyo, mlima wenye theluji.

Picha za safari ile zilitoka mwaka 1886 katika kitabu chake kuhusu Kilimanjaro, chenye ramani 6 na picha zaidi ya 80. Msitu wa Taveta umo humo, na wenyeji wake wamo. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, jina la Mto Lumi lilikuwa tayari limeingia katika waraka wa namna nyingine kabisa: makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya kugawana Afrika Mashariki. Mchoraji yule ana mkono katika karatasi zote mbili, na ndiyo maana picha zake zinastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya picha nyingi za wakati wake.

Ili kuelewa mto ule ulimfanyia nini mtu aliyefika pale, ni lazima kuijua njia aliyopita. Leo msafiri hutoka Voi kwa gari, akapita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, akauacha mlima mdogo wa Salaita kando, na kwa mwendo wa kilomita zipatazo 110 anaingia Taveta. Mwaka 1884 mji wa Voi haukuwapo. Kulikuwa na Mto Voi tu, unaoshuka kutoka milima ya Taita, na misafara ilisimama hapo kunywa maji kabla ya kuendelea. Safari ilianzia Mombasa na Rabai, kisha ikaingia Taru, ambako watu walitegemea maji ya mvua yaliyobaki kwenye ngurunga, yale mashimo ya mawe ambayo yakikauka hakuna mbadala. Baada ya Taru ni Maungu, halafu Ndara ya Wasagalla, halafu Bura, halafu nyika tena. Miaka ile ilikuwa ya ukame na njaa kali katika milima ya Taita. Mmishonari Joseph Wray, aliyeanza kazi Sagalla mwaka 1883, alifika wakati mbaya kuliko wote.

Basi mtu aliyetoka katika kiu na vumbi lile, akasikia maji yanatiririka chini ya miti, hakuwa mtazamaji wa kawaida. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamaasai, aliisifu Taveta kwa maneno ya mtu aliyeonjeshwa pepo. Johnston naye alisifu. Wageni wengi wa karne ile waliandika hivyo, na ukizisoma sifa zao mfululizo unagundua kwamba karibu wote walikuwa wakieleza pia uchovu wao wenyewe.

Lumi huanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, hushuka hadi Taveta na kumalizikia katika Ziwa Jipe. Katika tambarare ya Taveta maji yake, pamoja na chemchemi za hapo, yalilea msitu mnene katikati ya nchi ya miiba. Ndani ya msitu huo waliishi Wataveta. Walilima migomba, mahindi na miwa, na walichimba mifereji iliyoyapeleka maji kwenye mashamba. Msitu wenyewe waliufanya kuwa ngome yao. Njia za kuingia zilikuwa chache na nyembamba, zikizibwa kwa magogo, na morani wa Kimaasai waliozoea kupigana kwenye uwanda hawakuwa na la kufanya mbele ya magogo hayo. Msafara ukikaribia, ulipiga bunduki hewani kutoa taarifa, kisha ukangoja. Wazee wakiridhika, mlango ulifunguliwa.

Hapakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na njama, baraza la wazee, na uongozi ulipokezanwa kwa rika. Baraza hilo liliijua thamani ya mji wake. Taveta ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya pwani iliyokwenda kutafuta pembe za ndovu. Wafanyabiashara kama Jumbe Kimemeta wa Pangani, ambaye Thomson aliungana naye na ambaye baadaye alisafiri na Count Samuel Teleki wa Hungaria, waliijua Taveta kama nyumbani. Misafara ilikaa hapo majuma mengi. Wapagazi walipumzika, wagonjwa walipona, chakula kilinunuliwa, na kazi kubwa ya mchana ilikuwa kutunga shanga. Wamaasai hawakupokea shanga za rejareja. Walizitaka zimetungwa kwa urefu waliouzoea wao, na kamba isiyotimiza kipimo ilirudishwa. Mtu na afikirie msitu ule, na chini ya kila mti wanaume wameketi na marobota ya merikani, masanduku ya shanga na mizunguko ya waya wa shaba, vidole vikifanya kazi kutwa nzima.

Huo ndio ukingo wa mto ambao mchoraji aliufikia. Sasa tutazame alikuja na macho gani.

Vijana waliosomea uchoraji London katika miaka ya 1870 walirithi mazoea yaliyokwisha kukomaa. John Constable, aliyefariki mwaka 1837, alitumia maisha yake kuchora bonde la Mto Stour alikozaliwa. Picha yake maarufu ya mwaka 1821, inayoonyesha mkokoteni wa farasi ndani ya maji mbele ya nyumba ya mkulima, ilipelekwa Paris mwaka 1824 ikapata medali ya dhahabu. Tangu hapo picha ya kando ya mto ikawa na mpangilio wake unaotambulika mara moja: miti imesimama pembeni mithili ya pazia, maji yako katikati na yanaongoza jicho kwenda ndani, mwanga uko nyuma, na watu ni wadogo, wapo ili mtazamaji apime ukubwa wa miti. Uzuri wa Constable ni kwamba alimjua mwenye ile nyumba na alijua mashua zile zilibeba nini. Waliomfuata, hasa waliokwenda kuchora nchi za mbali, mara nyingi walichukua mpangilio wakauacha ujuzi huo.

Johnston alikuwa na kitu kilichomwokoa kwa kiasi fulani na kosa hilo, nacho ni sayansi. Mchoraji wa mandhari anaweza kupaka kijani kwa jumla na kuita msitu. Mtu anayetarajiwa kupeleka mimea kwenye bustani ya Kew hawezi. Lazima mkindu uwe mkindu, na mtu anayeujua mti auone na kuutaja jina. Bidii yake hiyo imebaki katika majina ya kisayansi hadi leo. Ule mmea mrefu wa ajabu wa Kilimanjaro, wenye shina nene na kichwa cha majani mapana, ambao wapanda mlima huupiga picha kila siku, ulipewa jina johnstonii kutokana na sampuli zake za mwaka 1884. Chozi mmoja wa milima mirefu, mwenye manyoya yanayong'aa kijani na mashada mekundu kifuani, aliitwa johnstoni mwaka 1885. Miaka mingi baadaye, akiwa Uganda na Kongo, Johnston ndiye aliyewapa wanasayansi wa Ulaya ushahidi wa okapi mwaka 1901, na alimchora kwa rangi za maji.

Kazi yenyewe ilikuwa na taabu ambazo hazionekani kwenye ukurasa. Rangi za maji hutaka karatasi ikauke kwa wakati wake. Nyikani brashi hukauka kabla mkono haujamaliza mstari. Chini ya miti yenye unyevunyevu kando ya maji, karatasi hukataa kukauka, na anga iliyopakwa asubuhi huivamia miti iliyopakwa mchana. Kisha ikifika London, picha haikuingia kitabuni kama ilivyo. Kuchapa rangi kulikuwa ghali, kwa hiyo picha nyingi za vitabu vya safari zilipita mikononi mwa mafundi wa kuchonga mbao. Vipande vidogo vya mti mgumu viliunganishwa kuwa ubao mmoja, picha ikahamishiwa juu yake, na fundi ambaye hajawahi kutoka Uingereza akaanza kuchonga. Palipotakiwa kubaki weupe alipachimba. Palipotakiwa kuwa na wino alipaacha. Kijani cha mgomba na kijani cha msitu vyote vikageuka mistari myeusi. Maji yanayometa yakawa nafasi tupu kati ya mistari. Msomaji wa zamani aliyeiona Afrika kama nchi ya vivuli vizito alikuwa, kwa sehemu, akiangalia tabia ya mbao na wino.

Hata hivyo picha hizo zilikuwa na nguvu ambayo ni vigumu kuikadiria leo. Katika suala la Kilimanjaro zilikuwa ushahidi. Johannes Rebmann, mmishonari aliyekaa Rabai, alipita Taita na mwezi Mei 1848 akaona weupe juu ya mlima. Alipoandika kwamba ni theluji, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London bila kuikanyaga nchi yenyewe, alimpinga kwa miaka. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken na mwanajiolojia Richard Thornton walifika mlimani na kuthibitisha. Charles New alifika kwenye theluji yenyewe mwaka 1871. Kila mmoja wao alihitaji kuwaonyesha watu wa nyumbani kitu, na ubishi wa Cooley ulikuwa umewafunza kwamba maneno hayatoshi. Ilipofika zamu ya Johnston, wasomaji walikuwa wameshaikubali theluji. Swali jipya lilikuwa nani ataichukua nchi iliyo chini yake.

Hapo ndipo mchoraji anageuka. Mwezi Julai 1884, akiwa bado mlimani, Johnston aliiandikia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza akieleza kwamba nchi ile inafaa kwa makazi ya Wazungu na kwamba taifa moja au jingine la Ulaya litaichukua muda si mrefu. Mwezi Septemba alikuwa Taveta, amejenga makazi yake msituni, na hapo alipata hati kutoka kwa wazee zilizompa haki juu ya ardhi. Maneno ya hati hizo yalikuwa ya Kizungu na ya kisheria. Kwa upande wa wazee, kumpa mgeni mahali pa kujenga kulikuwa ni desturi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga vibanda vyao Taveta bila mtu yeyote kudhani kwamba msitu umebadili mwenyewe. Ni vigumu kuamini kwamba njama, baraza lililokuwa likiamua nani avuke magogo na nani alale nje, lilikusudia kuikabidhi nchi kwa kijana aliyekuja na masanduku ya rangi na karatasi za kukaushia majani.

London haikuchangamka mara moja. Waziri Mkuu William Gladstone, mwezi Desemba 1884, alilalamika kwamba anasukumwa kuhusu nchi ya milima iliyo nyuma ya Zanzibar, ambayo hata jina lake lilimshinda kukumbuka. Lakini Wajerumani hawakungoja. Karl Peters alikuwa bara katika miezi hiyohiyo akikusanya mikataba Usagara na jirani zake, na mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyeona nchi inamponyoka, alimtuma Lloyd Mathews hadi Kilimanjaro mwaka 1885, na wakuu wa Uchaga na Taita wakakubali bendera yake. Majuma machache baadaye Karl Jühlke akafika kwa mkuu Mandara wa Moshi na karatasi za Kijerumani. Mandara, mwanadiplomasia hodari kuliko wengi wa wageni wake, alizipokea na hizo. Wakati huo hati za Johnston za Taveta zilikuwa zimekwisha kupita kwa James Hutton, mfanyabiashara wa Manchester, na kundi lake la wawekezaji pamoja na William Mackinnon walizishika kwa nguvu. Kundi hilo ndilo lililozaa kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwezi Septemba 1888.

Makubaliano ya mwaka 1886 yaliutaja mpaka kwa maneno machache. Unaanza mdomo wa Mto Umba kule Vanga, unanyooka hadi Ziwa Jipe, unafuata upande wa mashariki wa ziwa na kuzunguka kaskazini yake, unavuka Mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchaga, kisha unazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini na kwenda Ziwa Viktoria. Mto ukabaki pale ulipo. Mlima unaouzaa ukawa wa Wajerumani, na msitu unaonyweshwa nao ukawa wa Waingereza.

Shuleni wengi waliambiwa kwamba mpaka umepinda hapo kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima wa kusherehekea siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo ni tamu kusimulia, lakini Wilhelm alipata ufalme mwezi Juni 1888, karibu miaka miwili baada ya makubaliano. Sababu ya kweli inatia uchungu zaidi, kwa kuwa inahusu watu wa Taveta wenyewe na saini walizoombwa chini ya miti yao.

Sasa ukirudi kwenye picha za msitu ule unaziona upya. Hazina uongo ndani yake. Mchoraji alitazama kwa uaminifu na mkono wake ulikuwa mwepesi. Lakini mpangilio aliorithi una tabia ya kumfanya mtazamaji aamini kwamba uzuri ule ulijiotea. Mifereji inaonekana kama vijito. Migomba inaonekana kama sehemu ya msitu. Kazi ya vizazi, na sheria za nani apeleke maji wapi na siku gani, haina umbo la kuchorwa. Msomaji wa Manchester aliona bustani isiyo na mwenyewe, akafungua mfuko. Johnston alijua zaidi ya hapo, kwa sababu katika maandishi yake aliusifu utaratibu wa wazee wa Taveta na adabu za watu wake. Alijua, na bado alizipeleka zile hati London.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wamishonari wa Church Missionary Society walipolazimika kuondoka Moshi mwaka 1892 walihamia Taveta. Reli ya Uganda ilifika Voi, na pale palipokuwa mahali pa kunywa maji pakaota mji. Mwaka 1898 mafundi walikuwa tayari mbele, wakijenga daraja la Tsavo. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi kwa ajili ya vita. Februari 1916 walishindwa Salaita. Machi wapanda farasi wa Afrika Kusini wakazunguka kwa upande wa Ziwa Chala na kuvuka Lumi, na baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata, Wajerumani wakarudi nyuma. Mto uliokuwa jina kwenye mkataba ukawa mahali pa kuvukia mizinga. Baada ya vita yalikuja mashamba makubwa ya mkonge, na mlowezi Ewart Grogan akajenga kasri lake juu ya kilima karibu na mji. Suala la nani anamiliki ardhi ya Taveta halijatulia tangu wakati huo, na wenyeji wasio na hati wanaishi jirani na mashamba yanayopotelea upeoni.

Lumi yenyewe bado inafanya kazi. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, mto hufurika na kuingia nyumbani mwa watu wa Taveta, ambao wakati mwingine hawajaona tone la mvua kwao. Udongo unaoletwa na maji hayo umelijaza Ziwa Jipe, na magugu marefu yamefunika sehemu kubwa ya kingo zake. Siku za soko, wanawake kutoka pande zote mbili za mpaka wa mwaka 1886 huuza ndizi, nyanya na vitunguu vilivyonyweshwa kwa maji yaleyale.

Johnston alifariki mwezi Julai 1927. Haki za kitabu chake zimekwisha muda wake zamani, na kurasa zake zote, pamoja na picha, zinapatikana bure kwenye intaneti. Mwalimu wa Taveta, Mwatate au Voi anaweza kuzipakua jioni moja, akazichapa na kuzibandika ukutani darasani, kando ya ramani ya mpaka. Wanafunzi wake wanaweza kupewa kalamu na kuambiwa waandike juu ya picha hizo kila kinachokosekana: mfereji wa nani, shamba la ukoo gani, mlango wa magogo ulikuwa upande upi. Wazee wa kuwaulizia bado wapo.